Jibu Ambalo Mzee Hakulisikia

Nilifika Kitui mwishoni mwa miaka ya sabini nikiwa na shahada ya sheria, suti moja nyeusi, na barua ya kukubaliwa kazi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeomba nafasi ya mafunzo katika ofisi sita za mawakili Nairobi. Nne hazikujibu. Moja iliniita, wakaniuliza nina mpango wa kuolewa lini. Ya sita waliniambia wana msichana tayari, kana kwamba msichana ni taipureta, moja inatosha ofisi nzima. Mama yangu, ambaye alikuwa akilima machungwa na mboga kwenye mteremko wa Kilungu, ndiye aliyenishauri.

“Kuna wakili kule Kitui,” aliniambia. “Zamani alikuwa mkalimani wa korti. Alitafsiri kesi ya mjomba wako vizuri sana, hata tuliposhindwa tulielewa ni kwa nini. Mwandikie huyo.”

Nilimwandikia. Alinijibu kwa mkono wake mwenyewe, mistari mitatu: barua yako nimeisoma, lugha yako ni safi, njoo Jumatatu. Nilipofika hakuniuliza swali hata moja. Alinionyesha meza, akanipa faili mbili nene, akarudi ofisini kwake. Nilidhani hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la nguo, vyumba vitatu vilivyotazama soko. Tulikuwa watu wanne. Wa kwanza ni yeye mwenyewe, ambaye wote tulimwita Mzee ingawa hakuwa ametimiza miaka hamsini na mitano. Wa pili ni mwenzake, wakili aliyenizidi miaka kumi hivi, mtoto wa familia ya Kiislamu ya pale mjini ambayo babu yao alitoka pwani kuja kufanya biashara na hakurudi tena. Huyu alikuwa mcheshi, anavaa tai nyembamba, na kesi zote za jinai zilikuwa zake. Wa tatu ni karani wetu, mama mtu mzima aliyepiga chapa bila kutazama vidole. Wa nne ni mimi.

Maisha ya Mzee niliyajua kidogo kidogo, zaidi kutoka kwa karani. Kabla ya uhuru alikuwa mkalimani kortini, akisimama kati ya hakimu wa Kizungu na watu wetu. Ilisemekana alikuwa na masikio yasiyo na mfano. Shahidi akimeza neno, yeye alikuwa amekwisha kulidaka. Uhuru ulipokuja akapata nafasi ya kwenda India kusoma sheria, akamwacha mkewe na watoto wawili na mbuzi, akarudi baada ya miaka mitano akiwa wakili. Watu walitoka mbali, hata Tseikuru, kuja kumtafuta, safari ya siku nzima au zaidi, kwa sababu alikuwa wakili ambaye ungemweleza shida yako kwa Kikamba ukajua imefika.

Lakini mimi nilipofika, watu hawakumweleza tena moja kwa moja. Kulikuwa na utaratibu. Kila mteja alianzia kwa karani. Karani alimsikiliza, akaandika maneno yake kwenye ukurasa mmoja, akaupeleka ndani. Mzee aliusoma, kisha ndipo mteja akaingia. Nilivutiwa sana na utaratibu huo. Niliwaandikia rafiki zangu wa chuo nikawaambia kwamba Kitui tuna mpango kuliko Nairobi.

Nilimaliza mwaka wa mafunzo, nikaapishwa, nikarudi palepale kama wakili kamili. Mzee alinipa kesi ndogo ndogo: mipaka ya mashamba, mbuzi walioingia shamba la mtu, wosia. Kwenye kesi kubwa nilikaa pembeni yake kortini na daftari, nikiandika kila kitu kilichosemwa. Jioni aliniomba daftari hilo, akalisoma lote. Nilidhani ananifundisha kuandika.

Kesi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mjane wa mji mdogo wa Kwa Vonza. Mumewe alikuwa na ploti sokoni, na juu yake duka la nafaka na mafuta ya taa. Mume alipofariki, mjane aliendelea na duka. Baada ya mwaka mmoja shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na karatasi inayosema kwamba marehemu alimwuzia ile ploti miezi mitatu kabla ya kufa. Chini ya karatasi kulikuwa na alama ya kidole gumba.

“Mume wangu alijua kuandika,” mjane alituambia. “Alikuwa akiandika hesabu za duka kila siku. Kwa nini aweke kidole?”

Shemeji alisema marehemu aliweka kidole kwa sababu alikuwa mgonjwa na mkono ukitetemeka, na kwamba yeye mwenyewe alikuwapo, aliona kwa macho yake. Kesi nzima ilisimama hapo. Kama alikuwapo, karatasi ilikuwa na nguvu. Kama hakuwapo, ilikuwa karatasi tu.

Siku ya kumhoji shemeji ilinyesha. Mvua za Novemba Kitui haziji mara nyingi, lakini zikija huja kwa hasira, na korti ile ilikuwa ya mabati. Hakimu alipandisha sauti, mkalimani akapandisha sauti, watu kwenye mabenchi wakainama mbele ili wasikie. Mzee alisimama akaanza kuuliza maswali yake, moja baada ya lingine, kutoka kwenye karatasi aliyoiandaa. Alikuwa na namna nzuri ya kuuliza: polepole, bila matusi, kama mtu anayeuliza njia.

Akamwuliza: “Siku hiyo ndugu yako alipoweka kidole, wewe ulikuwa umetoka wapi?”

Shemeji alifikiri. Nadhani alitaka kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa shughuli nyingi. Akajibu kwa Kikamba, bila kupaza sauti, kwamba siku hiyo alikuwa Tseikuru akinunua mbuzi, na karatasi aliletewa baadaye aliporudi. Mkalimani akatafsiri. Hakimu akaandika.

Kesi ilikuwa imekwisha. Mtu amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba hakuwapo. Nilimtazama Mzee nikisubiri aligeuze jibu lile, amshike nalo, amwulize mara ya pili ili liandikwe vizuri.

Mzee alitazama karatasi yake, akauliza swali lililofuata: “Na wakati akiweka kidole, wewe ulikuwa umesimama sehemu gani ya nyumba?”

Shemeji alimtazama kwa mshangao. Kisha nikaona uso wake ukifunguka. Alikuwa amepewa mlango wa kutokea. “Karibu na dirisha,” akasema kwa nguvu.

Nilimvuta Mzee koti. Aliuondoa mkono wangu bila kunitazama, akaendelea hadi swali la mwisho, akaketi.

Nje, kwenye baraza ya korti, aliniambia kwa ukali, “Usinivute koti mbele ya hakimu tena.”

“Mzee, shahidi alisema alikuwa Tseikuru. Alisema hakuwapo.”

Alikuwa akinitazama mdomo. Niliona hilo wakati ule ule, lakini akili yangu ilikuwa kwingine.

“Nilimsikia,” alisema. “Ile ilikuwa mbinu.”

Nilitaka kuamini. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini na yeye alikuwa na miaka mingi. Lakini mjane naye alikuwa amesimama pale, ameshika kitambaa chake cha kichwa kilicholowa. Mzee alipoondoka kuelekea kwenye gari, alinisogelea.

“Mwanangu,” aliniuliza, “kwani yule hakusema alikuwa Tseikuru? Mimi nilimsikia mwenyewe, hata sikumngoja mkalimani.”

“Alisema, mwaitu,” nilimjibu kwa heshima ya kwetu, kama ningemjibu mama yangu.

“Basi mbona wakili hakumshika?”

Nilimwambia wakili anajua anachofanya.

Jioni ile nilikwenda ofisini kwa yule mwenzake Mzee nikamsimulia. Hakushangaa. Aliinuka akafunga mlango, akarudi kuketi.

“Dada, wewe umechelewa,” alisema. “Sisi huu ni mwaka wa tatu tunajua.”

“Mnajua nini?”

“Hasikii. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto linasikia kama mtu aliye ndani ya pipa. Alikwenda kwa daktari Nairobi, akapewa kile kifaa cha kuweka sikioni. Kiko kwenye droo yake. Anasema akikivaa kortini anasikia viti vikikwaruza sakafu, lakini watu hawasikii.”

Ndipo nilipoelewa mambo mengi kwa pamoja: ule ukurasa wa karani, daftari langu la jioni, na hata siku ile ya kwanza nilipopokewa bila kuulizwa swali. Nilielewa pia kwa nini kesi zote za jinai, ambazo mashahidi hunong’ona na kulia, zilikuwa za huyu mwenzake. Alikuwa amezichukua moja moja, akisema anazipenda.

“Na wateja?” niliuliza. “Hawana haki ya kujua?”

“Mimi nilipomaliza masomo,” alisema, “nilizunguka ofisi zote za Machakos. Wengine waliniambia jina langu halitavutia wateja wa hapa. Yeye aliniambia, ‘Njoo.’ Kwangu huyu ni baba. Sasa unataka niende nikamwambie nini?”

Mwezi uliofuata hukumu ilisomwa. Hakimu aliandika kwamba shahidi aliulizwa maswali mengi lakini hakuyumba kwenye jambo kubwa, kwamba alikuwapo. Na hata wakili wa mjane mwenyewe, katika maswali yake, alichukulia kwamba alikuwapo. Mjane alishindwa. Alipewa siku tisini kutoka kwenye ploti.

Mjane hakulia. Alimpa Mzee mkono, akanipa mimi mkono, akasema anawahi gari la Kwa Vonza kwa sababu ameacha duka na jirani. Ile heshima yake ndiyo iliyonishinda. Angetutukana, ningelala.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwa Mzee kabla ya karani kufika. Alikuwa ameketi, hukumu iko mbele yake. Nilianza kusema yale niliyoyaandaa: kwamba najua, kwamba si haki, kwamba nitaacha kazi kama mjane hataambiwa. Aliinua mkono.

“Unasema haraka,” alisema. “Andika.”

Alinisukumia kalamu na karatasi. Niliandika. Ukiwa na hasira ukaambiwa uandike, hasira hupungua njiani. Mwishowe nilikuwa nimeandika sentensi mbili tu: Shahidi alisema hakuwapo. Wewe hukumsikia.

Alisoma, akaiweka karatasi juu ya hukumu.

“Nilijua jioni ile ile, niliposoma daftari lako,” alisema. “Nimekaa na jambo hili mwezi mzima nikiomba hakimu awe ameliona mwenyewe.” Alivua miwani. “Hizi masikio zimenisomesha. Zimejenga nyumba yangu. Sijui kazi nyingine.”

Kiswahili chake kilikuwa hivyo, cha kwetu, na sitakinyoosha hapa.

Tulikata rufaa. Mzee aliandika sababu za rufaa mwenyewe, kwa siku nne, na sijapata kuona kazi nzuri kama ile tena. Tulipopata mwenendo wa kesi uliopigwa chapa, majibu yote mawili yalikuwapo, moja chini ya lingine kwenye ukurasa mmoja: Nilikuwa Tseikuru. Nilikuwa karibu na dirisha. Hakimu alikuwa ameandika kwa uaminifu kila alichosikia. Ila hakuna wakili aliyemwonyesha kwamba mambo hayo hayawezi kukaa pamoja.

Mzee aliamua kwamba mimi ndiye nitakayesema mbele ya jaji. Aliniambia ni wakati wangu wa kujifunza. Mwenzake alinivuta pembeni akanipa ushauri mwingine.

“Jaji atauliza kwa nini mliuliza swali lile la pili baada ya jibu lile la kwanza. Sema ni mvua. Mvua ilinyesha kweli, hata mjane ni shahidi. Si uongo.”

Tulikwenda Nairobi kwa gari la Mzee, mimi nikiendesha kwa sababu hakuwa akisikia honi. Tulimpitia mjane Kwa Vonza alfajiri. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na amebeba chai kwenye chupa na viazi vitamu kwenye kikapu, akatulisha sote njiani bila kuuliza.

Mahakama Kuu ilikuwa kimya sana. Hakukuwa na mabati. Jaji alikuwa mtu mpole wa sauti ndogo, na nyuma yangu kwenye viti kulikuwa na mawakili wengine saba au wanane wakisubiri kesi zao. Nilieleza rufaa yangu kwa Kiingereza nilichokikariri. Nilimwonyesha jaji ule ukurasa. Aliusoma, akaurudia.

“Wakili,” alisema, “hapa naona shahidi anasema hakuwapo. Halafu papo hapo wakili wa mjane anamwuliza alisimama wapi. Huyo wakili alikuwa anafanya nini?”

“Mheshimiwa, siku ile kulikuwa na mvua kubwa. Paa la korti ni la mabati.”

“Naona kwenye mwenendo kwamba wewe pia ulikuwapo.”

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

“Wewe ulisikia jibu la kwanza?”

Sikuweza kusema sikusikia. Daftari langu lenyewe lilikuwa kwenye faili. “Nilisikia, Mheshimiwa.”

“Mkalimani alisikia. Hakimu alisikia. Basi mvua hii ilimnyeshea mtu mmoja?”

Mawakili nyuma yangu walicheka. Mzee alikuwa ameketi pembeni yangu, mikono juu ya meza, uso umetulia. Hakuwa amesikia lolote, wala swali wala kicheko. Nilimwona kwa jicho la pembeni. Kumsema mbele ya watu wale nilishindwa. Kumwacha mjane, ambaye alikuwa kwenye benchi la nyuma na kikapu chake, nilishindwa pia. Mwishowe nilichukua kalamu, nikaandika kwenye pambizo ya karatasi yangu maneno ya jaji kama yalivyokuwa: Wakili alikuwa anafanya nini? Nikamsogezea.

Alisoma. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti.

“Mheshimiwa,” alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kwa sababu hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani, “wakili huyo ni mimi. Sikusikia jibu. Haikuwa mvua. Masikio yangu yamekufa huu mwaka wa tatu na sikumwambia mteja wangu. Kosa ni langu. Naomba lisiwe lake.”

Akaketi. Hakuna aliyecheka. Jaji aliandika kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo silisahau: alimwita karani wa korti, akampa karatasi, na karani akamletea Mzee. Ilikuwa imeandikwa: Asante, wakili. Nimekuelewa.

Sijui niseme nilihisi nini. Kulikuwa na aibu, kwa sababu nilikuwa nimejaribu ile mvua na yeye hakuijaribu. Tulirudi siku ile ile, hadi tukaanza kukaribia nyumbani. Mjane, aliyekuwa nyuma, aliniambia, “Mwulize kama ana njaa. Bado kuna kiazi.” Niligeuza uso Mzee aone mdomo wangu, nikamwuliza. Alikula.

Jaji aliamuru kesi isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Mara hii nilimhoji shemeji mimi. Kwa kweli sikumhoji sana. Nilimsomea jibu lake la kwanza, kisha la pili, nikamwuliza korti iandike lipi. Alisema anaumwa, kesi ikaahirishwa. Tarehe iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Ile karatasi ya kidole ikatupwa nje, na mjane akabaki na ploti yake. Kwa miaka mingi baadaye, kila nikipita Kwa Vonza, nilikuta duka liko wazi.

Mzee hakukanyaga korti tena kama wakili wa kusema. Alibandika tangazo mlangoni, kwa Kikamba na Kiswahili, kwamba wakili wa ofisi hii hasikii na kwamba anayetaka kumwona aandike au amwambie karani. Tulidhani wateja watakimbia. Wachache walikimbia. Wengi waliendelea kuja kwa mikataba ya mashamba na wosia, kwa sababu karatasi zake hazikuwa na mwanya.

Nami niliondoka. Mmoja wa wale mawakili waliokuwa wamekaa nyuma yangu Nairobi alinitafuta, akanipa kazi katika ofisi yake. Ilikuwa moja ya zile ofisi nne ambazo hazikunijibu. Ningependa kusema nilifikiri sana, lakini nilikubali baada ya siku mbili. Mzee alisema, “Nenda.” Mwenzake alinikasirikia.

“Unaniachia ofisi na mtu asiyesikia,” alisema.

“Wewe mwenyewe ulisema ni baba yako.”

“Ndiyo. Na wewe ni nani wake?”

Hatukuagana vizuri. Lakini baada ya mwaka mmoja na kitu, yeye pia aliitwa kuwa hakimu, akapelekwa pwani, kule babu yake alikotoka. Aliniandikia barua. Aliandika kwamba sasa ananielewa, na kwamba ameomba msamaha kwa Mungu na sasa ananiomba mimi mwenyewe. Tuliandikiana tangu siku ile.

Nairobi nilikaa miaka kumi hivi. Nilifanya kazi za benki na makampuni, nikaolewa, nikapata watoto. Mara chache niliporudi nyumbani, nilipitia Kitui. Nilimkuta Mzee kwenye meza yake, karani kwenye yake. Tuliongea kwa kuandikiana. Alikuwa mcheshi kwenye karatasi kuliko alivyokuwa mdomoni. Makueni, kwetu, ilipofanywa wilaya, nikaona watu wetu watahitaji mawakili karibu, nikafungua ofisi katika mji wa Wote, chumba kimoja mwanzoni. Wenzangu wa Nairobi walishangaa. Mama yangu hakushangaa; alituma gunia la machungwa niwape wateja wa siku ya kwanza. Walikuwa wawili.

Mzee alifariki miaka michache baadaye. Mazishi yalikuwa nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Kitui, watu wakiwa wengi kuliko viti. Mchungaji alisema marehemu aliacha korti mapema kwa sababu alipenda ukulima. Watu waliitikia. Yule hakimu rafiki yangu alikuwa amekuja kutoka Mombasa na ameketi karibu nami. Tulitazamana.

Nilipoitwa kusema kwa niaba ya mawakili, niliwaeleza kwa Kikamba kilichotokea Nairobi siku ile, pamoja na ile mvua yangu. Sikupunguza wala kuongeza. Nilirudi kuketi nikiogopa nimeikosea familia.

Baada ya kaburi kufunikwa, mkewe aliniita jikoni, ambako wanawake walikuwa wakipakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alinishika mkono.

“Umesema miaka mitatu,” aliniambia.

“Ndiyo, mwaitu.”

“Mimi hakuniambia muda huo wote. Nilikuwa nikimsemesha, hajibu. Nilidhani amenichoka. Nilikuwa nimefungasha nguo zangu niende kwa ndugu yangu Mwingi.” Alifuta mikono kwenye kanga. “Aliporudi kutoka Nairobi siku ile ya jaji, ndipo aliponikalisha chini akaniambia. Nikafungua mzigo.”

Kisha akanipa sahani mbili, moja yangu na moja ya hakimu, akaniambia tule kabla chakula hakijapoa. Tulikula tumesimama kando ya nyumba. Saa kumi niliaga, nikarudi Wote, kwa sababu asubuhi nilikuwa na kesi.